Mastraika Wakubwa wa Hawthorn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jibu fupi kwanza: nani straika bora wa Hawthorn wa nyakati zote?

Jason Dunstall. Peter Hudson alifunga magoli mengi zaidi kwa kila mechi aliyocheza, na Lance Franklin ndiye aliyeinua watu kwenye viti kuliko wote. Lakini ukiniambia nichague mmoja wa kumsimamisha mbele ya milingoti kwa miaka 14, namchukua Dunstall na sitaki kurudishiwa chenji. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Mwenye ubishi aendelee.

Hawthorn ni timu gani, na huu ni mchezo gani?

Hawthorn ni klabu ya upande wa mashariki wa jiji la Melbourne, Australia. Jezi zake ni kahawia na dhahabu, na mashabiki huiita Mwewe. Iliingia ligi ya jimbo la Victoria, VFL, mwaka 1925 pamoja na Footscray na North Melbourne, ikawa kibonde wa ligi kwa zaidi ya miongo mitatu. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1961 chini ya kocha John Kennedy. Ukihesabu na huo imebeba jumla ya 13, wa mwisho mwaka 2015. VFL ndiyo iliyobadili jina kuwa AFL mwaka 1990, timu za majimbo mengine zilipokwisha kuingia.

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kiaustralia: watu 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, na mpira nao wa umbo la yai. Hakuna kipa, hakuna kuotea, wala hakuna nyavu za kutikisa. Kila upande una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya miwili ya ndani ni goli, pointi 6, na refa wa goli anapunga bendera mbili. Ukipita kati ya mlingoti wa ndani na wa nje ni pointi 1 tu na bendera moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa hivi: 12.10 (82). Yaani magoli 12, pointi mojamoja 10, jumla 82.

Jambo la kulishika kuliko yote ni kudaka. Mpira uliopigwa kwa mguu, ukasafiri mita 15 au zaidi, ukadakwa kabla ya kugusa ardhi wala mtu, unampa mdakaji haki ya kurudi nyuma, kuvuta pumzi, na kupiga bila kubughudhiwa. Straika wa huku basi ni mdakaji kwanza, mpigaji baadaye.

Unaposema “straika mkuu” unamaanisha nini hasa?

Kuna wa aina mbili. Wa kwanza ni straika wa golini, anayekaa mbele kabisa karibu na milingoti. Kazi yake ni kumtoroka beki kwa mbio fupi, kudaka, kufunga. Hudson na Dunstall ni wa aina hiyo. Wa pili ni straika wa nusu ya mbele, anayecheza mita 50 au zaidi kutoka golini. Huyu anapokea mipira mirefu ya kutoka nyuma, anagombana na mabeki wawili watatu, na mara nyingi anamtengenezea mwenzake. Dermott Brereton alikuwa huyo. Franklin na Jarryd Roughead walichanganya kazi zote mbili, kwa sababu kufikia zama zao mpaka kati ya nafasi hizo ulikuwa umefutika.

Ukiwapima hawa wote kwa idadi ya magoli pekee, utakuwa unampima mvuvi na mpishi kwa idadi ya samaki waliopitia mikononi mwao.

Basi tupe idadi hizo hata hivyo.

Kwa jezi ya Hawthorn tu: Dunstall magoli 1,254 katika mechi 269. Hudson 727 katika mechi 129. Franklin 580 katika mechi 182. Roughead 578 katika mechi 283. Brereton 427 katika mechi 189.

Kwa wastani Hudson ana 5.64 kwa mechi, na hakuna mtu katika historia nzima ya VFL na AFL aliyemfikia. Dunstall ana 4.66. Franklin 3.19. Brereton na Roughead wako juu kidogo ya 2.

Tazama tena Franklin na Roughead: magoli mawili tu yanawatenganisha, lakini mechi 101. Nitarudi hapo.

Kwa nini usichukue wastani ukamaliza ubishi? Hudson ameshinda.

Kwa sababu goli la 1970 na goli la 2010 ni fedha za nchi mbili tofauti.

Anza na Hudson. Alicheza wakati beki mmoja alimkaba straika mmoja, na wengine wote walikaa maeneo yao. Nyuma ya mabega ya straika kulikuwa na uwazi wa kulisha ng’ombe. Timu ikichukua mpira, ilimtafuta mtu mmoja tu. Uwanja wa nyumbani wa Hawthorn, Glenferrie, ulikuwa mwembamba kiasi cha kufananishwa na kopo la dagaa, na hapo mpira ukitoka katikati hauna pa kwenda ila kwa straika. Ushahidi kwamba zama zenyewe zilikuwa na neema ni huu: mwaka 1970 Hudson alifunga 146, na Peter McKenna wa Collingwood akafunga 143. Mwaka uliofuata Hudson 150, McKenna 134. Mkali alikuwa na mkali mwenzake mlango wa pili.

Dunstall alikuta sheria nyingine. Tangu miaka ya 1970 ni wachezaji wanne tu wa kila timu wanaoruhusiwa ndani ya mraba wa katikati mpira unaporushwa kuanza mchezo. Kiungo kikapata nafasi ya kutoka na mpira safi na kuupeleka mbele kwa haraka. Ligi nzima ilifunga sana: mwaka 1982 timu zilifikia wastani wa zaidi ya pointi 110 kwa mechi, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Kwa hiyo Dunstall naye alikula wakati wa mavuno, tena akiwa na viungo bora wa kizazi chake nyuma yake. Ila upande wa pili, kufikia miaka ya 1990 mabeki walikuwa wanariadha wa kulipwa, wanafanya mazoezi kama yeye.

Franklin na Roughead? Kwa sababu hakuna kuotea, makocha waligundua kwamba hakuna kinachowazuia kuwarudisha watu wote 18 nyuma ya mpira. Robo nne za mchezo zilishapunguzwa mwaka 1994 kutoka dakika 25 hadi 20, ukiacha muda wa nyongeza. Miaka ya karibuni timu inafunga pointi 80 na ushee kwa mechi. Straika anatoka mbio kuufuata mpira, anakuta mabeki wawili wanamsubiri na wa tatu anakuja kwa nyuma kuupiga mpira ngumi. Magoli matatu kwa mechi katika hali hiyo si haba hata kidogo.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine: ukimtoa, timu inabaki na nini?

Hudson alikuwa mchezaji wa namna gani?

Mtu wa Tasmania, kutoka New Norfolk, aliyeshuka Melbourne mwaka 1967. Hakuwa na mbio za kutisha. Hakuruka juu ya mabega ya watu. Hata upigaji wake ulikuwa wa kizamani: aliulaza mpira na kuupiga ukiwa bapa, wakati wengine walishaanza kuusimamisha ili uzunguke kwa nyuma na kwenda moja kwa moja. Ukimwona kwenye picha za zamani unajiuliza huyu amefunga vipi.

Jibu ni akili ya mahali. Hudson alijua mpira utatua wapi kabla beki hajajua, na mwili wake ulikuwa tayari kati ya beki na mpira. Hapigani. Anasimama tu pale ambapo wewe ungetaka kusimama. Na mguu wake, pamoja na ubaya wake wa sura, haukukosa.

Misimu minne mfululizo, 1968 hadi 1971: magoli 125, 120, 146, 150. Mara tatu kati ya hizo aliongoza ligi nzima. Mwaka 1969 alipitwa na Doug Wade wa Geelong aliyefunga 127, fikiria, unafunga 120 na unakuwa wa pili.

Ni kweli alikosa goli la 151?

Ni kweli, na kwangu hii ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za Hawthorn.

Rekodi ya msimu ilikuwa 150, ya Bob Pratt wa South Melbourne tangu 1934. Hudson aliingia Fainali Kuu ya 1971, mechi ya kuamua ubingwa, dhidi ya St Kilda akiwa na 147. Manne tu yanamtenga na kuwa peke yake duniani, na huyu ni mtu anayefunga zaidi ya matano kwa mechi ya kawaida.

Mapema mchezoni Kevin Neale wa St Kilda alimgonga kichwani. Sikio likachanika, akili zikatawanyika, lakini akabaki uwanjani. Akafunga matatu. Akafikisha 150, sawa na Pratt. Robo ya mwisho akapata nafasi ya la 151, na mpira ukamgonga mlinzi aliyesimama mbele yake, jambo ambalo Hudson mwenye fahamu zake lisingemtokea hata mazoezini.

Na timu je? Hawthorn ilianza robo hiyo ikiwa nyuma kwa pointi 20. Bob Keddie, ambaye hakuwa straika wa kuogopwa na mtu, alisogezwa mbele akafunga manne. Ikaisha 12.10 (82) kwa 11.9 (75). Pointi saba. Hudson akapata ubingwa wake wa pekee siku aliyokuwa hajijui vizuri, na rekodi ikabaki ya watu wawili hadi leo.

Kwa nini alicheza mechi 129 tu?

Goti. Mechi ya kwanza ya 1972, dhidi ya klabu ya Melbourne, mabingwa Hawthorn wakiwa nyumbani. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshafunga magoli manane. Manane! Kisha akatua vibaya, goti likaachia, na msimu ukaishia hapo. Wapo wanaoamini kwamba mwaka ule angefika 170. Sipendi hesabu za “angefika”, lakini hii inanishawishi.

Hapa tumia kipimo changu. Bingwa mtetezi, ukimtoa Hudson: Hawthorn haikuingia hatua ya fainali 1972 wala 1973. Mwaka huo wa 1973, Hudson akiwa amesharudi Tasmania, klabu ilimleta kwa ndege na kisha helikopta iliyotua uwanja wa VFL Park, akacheza dhidi ya Collingwood na kufunga manane mengine. Goti bovu, mazoezi haba, manane.

Alirejea kwa msimu mmoja kamili 1977, akafunga 110 na kuongoza ligi tena.

Kama ni hivyo, Dunstall anampitaje?

Kwa kuwepo. Kuwepo ni kipaji.

Dunstall alitoka Queensland, jimbo la raga, ambako mpira huu ulikuwa mgeni mlangoni. Alisajiliwa kutoka Coorparoo, akafika Hawthorn 1985. Mtu mnene wa mapaja, si mrefu kwa straika, na mwaka wa kwanza alifunga 36 tu. Kisha: 77, 94, 132, 138, 83, 82, 145, 123, 101, 66, 102, 21, 54. Soma mfululizo huo polepole. Misimu sita ya magoli zaidi ya 100, na ule wa 83 ni wa 1990, mwaka aliovunjika fuvu la kichwa.

Silaha yake ilikuwa hatua tatu za kwanza. Beki anamshika jezi, Dunstall anaegemea kama anayetaka kulala, halafu ghafla hayupo. Ameshatoka mbio, mpira unamkuta kifuani, mikono imeufunga kama mama aliyembeba mwanawe sokoni. Siku moja ya 1992 dhidi ya Richmond, uwanja wa Waverley, alifunga 17. Rekodi ya mechi moja ni 18, ya Fred Fanning wa Melbourne mwaka 1947.

Lakini kilichomfanya awe juu kwangu ni kile ambacho mastraika wengi hawana: aliwakimbiza mabeki. Mpira ukianguka chini, wafungaji wakubwa wengi husimama mikono kiunoni wakisubiri mwingine. Dunstall aligeuka na kumfukuza beki hadi amkamate. Tuzo ya mchezaji bora wa klabu aliichukua mara nne: 1988, 1989, 1992, 1993. Hudson aliichukua mara mbili.

Alifanya nini kwenye fainali?

Mataji manne: 1986, 1988, 1989, 1991. Magoli yake katika Fainali Kuu hizo nne: 6, 7, 4, 6. Kwenye mechi ngumu kuliko zote za mwaka alikuwa na wastani wa karibu sita. Mimi ningeweza kuishia hapa.

Ile habari ya “mechi ya muungano” ni ipi?

Mwaka 1996 Hawthorn ilikuwa taabani kifedha, na kukawa na mpango wa kuiunganisha na Melbourne kuwa klabu moja. Kama kwa bahati mbaya ya ratiba, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida zikapangwa hizo hizo mbili, uwanja wa MCG. Mashabiki walikwenda wakijua huenda wanaziona rangi hizo kwa mara ya mwisho.

Dunstall, aliyekwisha pita umri wa miaka 30, alihitaji magoli kumi kufikisha 100. Alifunga kumi. Hawthorn ikashinda kwa pointi moja. Wiki mbili hivi baadaye wanachama wa Hawthorn walipiga kura na kuukataa muungano. Sitasema magoli ya Dunstall ndiyo yaliyookoa klabu, kwani walioiokoa ni watu waliosimama mitaani na ndoo za michango. Ila kama ungekuwa mwanachama mwenye kusitasita, usiku ule ungelala vipi?

Brereton ana magoli 427 tu. Anafanya nini kwenye orodha hii?

Anafanya kile alichofanya mechi zote: kuumia ili wengine wafunge. Mipira mirefu ya kutoka ulinzi ilimwendea yeye, na Dunstall alikuwa nyuma yake akila makombo ambayo mara nyingi yalikuwa mlo kamili. Mataji matano: 1983, 1986, 1988, 1989, 1991. Na si kwamba hakujua kufunga. Fainali Kuu ya 1985 alifunga manane, na timu yake ikafungwa na Essendon.

Ya kusimuliwa ni 1989 dhidi ya Geelong. Mpira umerushwa tu kuanza mchezo, Mark Yeates akamjia mbio na kumgonga bega hadi chini. Mbavu zimevunjika, figo imeumia. Brereton alitapika uwanjani, akawakatalia waliotaka kumtoa, akajikokota kwenda mbele, na dakika chache baadaye akadaka na kufunga. Hawthorn ikashinda kwa pointi 6, 144 kwa 138. Ukiondoa goli lile moja, ni sare.

Mbona Leigh Matthews hayumo? Ana magoli 915!

Kwa sababu hakuwa straika mkuu. Alikuwa mfupi, akiokota mipira miguuni mwa wakubwa, akizunguka kati ya kiungo na mbele. Kwamba mtu wa aina hiyo aliongoza ligi kwa magoli mwaka 1975 kunaonyesha alikuwa kiumbe wa namna yake. Ukiuliza mchezaji bora wa Hawthorn, jibu ni Matthews na sina mjadala. Swali letu ni lingine.

John Peck na Michael Moncrieff?

Peck alikuwa mbele kwenye ubingwa wa kwanza wa 1961, na aliongoza ligi kwa magoli miaka mitatu mfululizo, 1963 hadi 1965. Moncrieff alirithi kiti kilichoachwa wazi na goti la Hudson akafunga zaidi ya magoli 600, na bado watu humsahau. Ndivyo ilivyo ukizaliwa kati ya Hudson na Dunstall.

Franklin alitofautiana nini na hao wa kwanza?

Karibu kila kitu. Urefu wa karibu mita mbili, mbio za mtu wa pembeni, na mguu wa kushoto. Kijana wa Wanoongar, wenyeji wa asili wa Australia, kutoka Dowerin, Australia Magharibi. Hawthorn ilimchagua wa tano mwaka 2004 katika uchaguzi wa vijana, ambapo klabu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, na siku hiyo hiyo ilikuwa imemchukua Roughead wa pili. Wapenda masimulizi wafurahi: mwaka huo huo aliyekuwa akikaimu ukurugenzi wa klabu alikuwa Jason Dunstall.

Hudson na Dunstall waliusubiri mpira karibu na goli. Franklin aliufuata hadi katikati ya uwanja, akaubeba mwenyewe, akapiga kutoka mita 60. Alipokuwa akipiga baada ya kudaka, alikimbia kwa kupinda kuelekea kushoto, kama mtu anayekwepa dimbwi. Makocha wa vijana wangemrekebisha. Namshukuru aliyemwacha.

Mwaka 2008 alifunga 113, na hakuna mwingine aliyefikisha 100 tangu hapo. La mia lilikuja mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Carlton, mashabiki wakavamia uwanja kama ilivyo desturi. Usiku huo huo, upande wa pili, Brendan Fevola wa Carlton alikwama kwenye 99. Wiki ya kwanza ya fainali Franklin akawafunga Western Bulldogs manane. Mwaka 2012, Launceston, aliifunga North Melbourne 13.

Lakini aliondoka. Ahesabiwe?

Ahesabiwe kwa alichofanya akiwa kahawia na dhahabu: magoli 580, mataji mawili, 2008 na 2013, Medali ya Coleman, ya mfungaji bora wa ligi, mara mbili, 2008 na 2011. Baada ya hapo alikwenda klabu ya Sydney kwa mkataba wa miaka tisa na dola milioni kumi, akamalizia na jumla ya magoli 1,066, wa nne katika historia ya ligi. Goli lake la elfu, Machi 2022, lilifungwa akiwa na jezi nyekundu na nyeupe.

Kipimo changu kinamwonea hapa, nakiri. Ukimtoa Franklin, Hawthorn ilibaki na nini? Ilibaki na ubingwa wa 2014 na wa 2015. Tena ule wa 2014 iliuchukua mbele ya macho yake. Sydney ndio waliotarajiwa kushinda, Franklin akafunga manne, na Hawthorn ikawashinda kwa pointi 63.

Roughead alifunga mangapi siku hiyo?

Matano.

Kwa nini basi watu humsahau Roughead?

Kwa sababu alicheza pembeni ya mwanga wa mtu mwingine kwa miaka tisa. Franklin alipotoka kwenda katikati kutafuta mpira, nani alibaki golini kuburutana na beki mkubwa? Mruka-mpira wa timu, yule anayeruka kuugombea mpira unaporushwa, alipochoka, nani alikwenda kumsaidia? Mechi zile 101 za ziada ndimo zilimo kazi hizo, na hazina safu kwenye jedwali la takwimu. Mataji manne, 2008, 2013, 2014, 2015. Medali ya Coleman ya 2013, mwaka ambao Franklin bado alikuwepo.

Mwaka 2015 alikatwa saratani ya ngozi mdomoni. Mwaka uliofuata ikaonekana imeingia mapafuni. Alipotea msimu mzima kwa matibabu, akarudi 2017, akiwa nahodha. Mechi yake ya mwisho jijini Melbourne, 2019, alifunga sita.

Kwa utu, namweka wa kwanza. Kwa mpira, wa nne, nyuma ya Franklin na mbele kidogo ya Brereton. Kesho naweza kuwabadilisha hao wawili wa mwisho.

Hudson angefunga mangapi leo?

Nadhani 60 kwa msimu, na angeongoza au angekaribia kuongoza ligi. Akili ya mahali haizeeki. Lakini asingepata ule uwazi wa nyuma ya beki, na kocha wa leo angemlazimisha kukimbia kilomita nyingi ambazo goti lake lisingezitaka.

Swali la kinyume ndilo zuri zaidi: Franklin wa 2008 kwenye Glenferrie ya 1970, beki mmoja tu mbele yake? Namhurumia beki.

Kuna uhusiano wowote na kwetu Afrika Mashariki?

Upo, tena wa kweli. Watoto wa familia zilizokimbia vita vya Sudan wameingia ligi hii kwa nguvu. Aliir Aliir, beki mkuu wa Port Adelaide aliyecheza na Franklin Sydney, alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Na Hawthorn yenyewe ilimsajili Mabior Chol, mwenye asili ya Sudan Kusini, kuanzia msimu wa 2024. Nafasi yake? Straika mkuu. Mrefu, mwepesi, na akifunga hucheza dansi kidogo.

Sijawahi kuangalia mchezo huu. Nianze na nini?

Usianze na fainali. Tafuta goli la Franklin dhidi ya Essendon mwaka 2010, lililochaguliwa goli la mwaka. Anaupata mpira pembeni mwa uwanja, mbali kabisa. Cale Hooker, beki kijana na mwenye mbio, yuko nyuma yake hatua mbili tatu. Franklin anaanza kukimbia kando ya mstari, anaudundisha mpira ule wa umbo la yai kama sheria inavyotaka, Hooker ananyoosha mkono, anakosa, ananyoosha tena. Mguu wa kushoto, pembe mbaya, mpira unapinda hewani. Mwangalie Hooker mpira unapopita katikati ya milingoti: hakati tamaa hadi mwisho, na ndiyo maana goli lile ni zuri.

Ukishaliona, tafuta Dunstall, MCG, 1996. Magoli yote kumi ni ya kawaida. Anatoka mbio, anadaka kifuani, anarudi nyuma, anafunga. Halafu tena.